Malengo ya fedha ya mwaka mpya: uchague lipi, uache lipi

Mwaka unapokaribia kwisha, wengi wetu huandika sentensi ileile: "Mwaka huu nitaweka akiba." Nimeiandika mara nyingi. Katika daftari langu moja la zamani iko kwa wino mwekundu, imepigiwa mstari mara mbili, na chini yake kuna mambo saba: akiba ya dharura, deni la rafiki, mkopo, ada ya kozi, kiwanja, simu mpya, kupunguza matumizi. Kurasa zinazofuata zina tarakimu hadi katikati ya Februari. Baada ya hapo ni karatasi tupu. Kazi nilifanya mwaka ule, na nilichopata hakikupungua kuliko mwaka uliotangulia. Tatizo lilikuwa aina ya malengo niliyojiwekea: hayakulingana hata kidogo na namna fedha zangu zinavyoingia.

Hapa nalinganisha njia za kujiwekea malengo ya fedha mbilimbili, kwa kuwa ndivyo uamuzi unavyotujia: hii au ile. Situmii sarafu ya nchi yoyote. Ukiona 100 au 1,200, isome kwa fedha ya kwako na uongeze sifuri zinazohitajika. Kabla ya kuendelea jibu swali moja: fedha zako zinaingiaje? Kwa tarehe na kiasi unachokijua, au leo nyingi na kesho hakuna? Mengi ya hapa chini yanategemea jibu hilo.

Kiasi cha mwisho wa mwaka, au mwendo wa kila mwezi

Lengo la kiasi husema: "Ifikapo Desemba 31 niwe na 1,200." Lengo la mwendo husema: "Kila nikilipwa, natenga 100 kabla sijagusa kitu kingine." Kwa hesabu, mwisho wake ni mmoja. Kwa mtu anayelibeba lengo hilo miezi 12, ni vitu viwili tofauti kabisa.

Kiasi kina nguvu ya uwazi. Wanasaikolojia Edwin Locke na Gary Latham walichunguza malengo kwa miongo kadhaa, na walichokikuta mara kwa mara ni kwamba lengo mahususi lenye ugumu wa kutosha humsukuma mtu kuliko kuambiwa "jitahidi uwezavyo". Kwa hiyo 1,200 ni bora kuliko "akiba ya kutosha". Shida ya kiasi ni kwamba kinakupa muda wa kujidanganya. Januari unasema bado mapema. Ukikosa miezi 3 ya kwanza, 100 kwa mwezi imeshakuwa 133. Ukifika Julai hujaanza, ni 200 kwa mwezi, yaani mara mbili ya mzigo ambao hukuweza kuubeba ulipokuwa mwepesi. Wengi huachia hapo, na siwalaumu.

Mwendo haukusubirishi. Siku ya malipo ikipita, unajua umetimiza au hujatimiza, na mwezi mmoja ukikuponyoka, unaofuata hauji na faini. Udhaifu wake ni kwamba unaweza kutembea kwa uaminifu mwaka mzima na usifike, kwa sababu hukupima umbali kabla ya kuondoka.

Kama ni lazima nichague moja, nachagua mwendo, lakini mwendo uliokokotolewa kutoka kwenye kiasi. Tafuta kwanza unataka kufika wapi, gawanya, kisha ile namba kubwa iweke kabatini. Ya kuitazama kila siku ni ile ndogo. Na iandike kwa umbo ambalo mwanasaikolojia Peter Gollwitzer alilieleza mwaka 1999, la "ikitokea hivi, nitafanya vile": mshahara ukiingia, kabla sijalipa chochote, nahamisha 100. Ukishaamua lini na vipi, siku yenyewe ikifika hakuna mjadala mpya unaokungoja.

Kiasi kisichobadilika, au asilimia

Mwenye mshahara wa tarehe maalumu hahitaji kukaa sana hapa. Achukue kiasi kisichobadilika, akipande kwenye siku ya mshahara, aende sehemu inayofuata.

Lakini anayelipwa kwa kazi, kwa msimu, kwa oda au kwa kamisheni, asome polepole, maana ushauri mwingi wa fedha umeandikwa kana kwamba yeye hayupo. Tuchukue mtu ambaye kwa miezi 6 amepata 900, 300, 0, 1,200, 500 na 700. Jumla ni 3,600, wastani wake 600 kwa mwezi. Akijiwekea kiasi kisichobadilika cha 60, lengo lake la nusu mwaka ni 360. Akitenga asilimia 10 ya kila kinachoingia, anaweka 90, 30, 0, 120, 50 na 70. Jumla tena ni 360.

Kwenye karatasi ni sare, lakini angalia yanayompata huyo mtu. Mwezi wa pili, ile 60 ni sehemu ya tano ya alichopata, katika mwezi ambao hata mahitaji hayajatosha. Mwezi wa tatu hakuna pa kuitoa: ama aichote kwenye akiba ya mwezi wa kwanza, ama akope ili aweke akiba, ama akubali kwamba ameshindwa. Mwezi wa nne, 1,200 zinapoingia, lengo linamdai 60 tu, na 1,140 zinabaki mikononi mwake bila kazi maalumu. Yaani kiasi kisichobadilika kinambana mwezi asio nacho, na kinamwachilia mwezi anao uwezo. Asilimia inafanya kinyume chake, na mwezi wa sifuri haumhesabii kosa, kwani asilimia 10 ya sifuri ni sifuri.

Kuna njia ya tatu, na ndiyo ninayoifuata mimi: ngazi mbili. Mwezi ulio chini ya wastani wako, tenga asilimia 5. Mwezi uliozidi wastani, tenga 15. Kwa mtu yuleyule na mapato yaleyale, inakuwa 135, 15, 0, 180, 25 na 105. Jumla ni 460, ambayo ni 100 zaidi, na katika miezi yake miwili migumu iliyokuwa na kipato ametoa 15 na 25 tu. Ili njia hii ifanye kazi lazima uujue wastani wako, na wastani hauji kwa kukisia. Chukua taarifa za benki au za akaunti ya simu za miezi 12 iliyopita, jumlisha vilivyoingia, gawanya kwa 12. Wengi hushangaa kuona kwamba wastani wao uko chini ya ule waliokuwa nao kichwani, kwa sababu kichwa hukumbuka miezi ya neema.

Nieleze ninavyofanya, kwa kuwa ndipo jambo lenyewe lilipo. Ujumbe wa malipo ukiingia, nafungua kikokotoo kabla ya kufungua kitu kingine. Nazidisha kwa 0.15 au 0.05, nahamisha, naandika tarehe na kiasi kwenye daftari, halafu ndipo namjibu aliyelipa na kumshukuru. Ni dakika mbili. Nikiahirisha hadi jioni, fedha ile inakuwa imeshapata wenyewe wengine: kuna aliyenipigia ana shida, kuna nilichokuwa nimekisahau, na mimi mwenyewe nimeshaanza kuihesabu kuwa ya matumizi.

Kuna watu watakaokuelekeza kwenye kanuni ya 50/30/20: nusu ya kipato baada ya kodi iende kwenye mahitaji, 30 kwenye unavyovitamani, 20 kwenye akiba na madeni. Elizabeth Warren, kabla hajawa seneta wa Marekani, ndiye aliyeieneza mwaka 2005 pamoja na binti yake Amelia Warren Tyagi. Ni kanuni rahisi kushika. Lakini kwa mtu ambaye pango na nauli peke yake vinakula 65 ya kila 100, kuambiwa mahitaji yasizidi 50 ni kama kuambiwa awe mtu mwingine. Itumie kama kioo cha kujiona ulivyo. Usiifanye hakimu.

Na kama hujui kabisa fedha zako zinakwenda wapi, asilimia zote hizi bado hazijafika zamu yake. Anza na daftari. Mwaka 1904 mwanahabari wa Japani Hani Motoko alitoa daftari la hesabu za nyumbani, kakeibo, na njia hiyo bado inatumika. Inavyofundishwa siku hizi ina maswali manne: una kiasi gani, unataka kuweka kiasi gani, unatumia kiasi gani, na unaweza kurekebisha nini. Unaandika kwa mkono, kila siku. Mwezi mmoja wa kuandika hivyo utakuambia mengi kuliko kukisia kwa mwaka mzima. Lengo lako la Januari linaweza kuwa hilo tu, kuandika, na lisiwe dogo machoni pako.

Kukata moja kwa moja, au kuweka kwa mkono

Kusubiri kitakachobaki mwisho wa mwezi ndipo uweke akiba, sikulinganishi na kitu, hakibaki. Ulinganisho wa kweli ni kati ya kuiagiza benki au mwajiri akate mwenyewe, na kuhamisha kwa mkono wako.

Kwa mwenye mshahara, kukata moja kwa moja hakuna mshindani. Mfano ninaoupenda ni wa Richard Thaler na Shlomo Benartzi, waliochapisha mwaka 2004 matokeo ya mpango waliouweka katika kampuni moja ya Marekani. Hawakuwaambia wafanyakazi wakate mshahara walionao. Waliwaomba wakubali mapema kwamba kila nyongeza ya mshahara itakapokuja, sehemu yake iende kwenye akiba ya uzeeni. Kati ya walioambiwa habari za mpango huo, asilimia 78 walijiunga, na wastani wa akiba yao ulipanda kutoka asilimia 3.5 ya mshahara hadi 13.6 katika miezi 40. Hakuna mwezi ambao kiasi alichozoea mtu kupokea mkononi kilipungua kwa ajili ya akiba. Unaweza kujifanyia hivyo bila mpango wa mtu yeyote: amua leo kwamba nyongeza yoyote itakayokuja mwaka huu, nusu yake haitaingia kwenye matumizi.

Kwa kipato kisichotabirika, kukata moja kwa moja kunaweza kukuumiza. Benki ikienda kuchukua 60 na kukuta akaunti ina 20, huenda ukatozwa ada kwa agizo lililoshindikana. Huyu aweke kwa mkono, kwa asilimia, na atafute kitu kingine cha kuilinda akiba yake isirudi kwenye matumizi. Akaunti iliyofungwa ni kitu kimojawapo. Nava Ashraf, Dean Karlan na Wesley Yin walijaribu jambo hilo huko Ufilipino na kutoa matokeo mwaka 2006: waliwapa wateja wa benki nafasi ya kufungua akaunti ambayo mwenyewe anachagua tarehe au kiasi, na mpaka kifike haruhusiwi kuchukua fedha zake. Asilimia 28 ya waliopewa nafasi waliichukua. Baada ya mwaka mmoja, wastani wa akiba za kundi lote lililopewa nafasi, wakiwemo waliokataa, ulikuwa umepanda kwa asilimia 81 ukilinganishwa na kundi ambalo halikupewa.

Tahadhari yangu ni moja: usifunge fedha ya dharura. Funga ya ada, ya kiwanja, ya safari. Ya ugonjwa na ya kukosa kazi iwe mahali ambapo utaifikia siku hiyohiyo, ila pasiwe karibu kiasi cha kuipata kwa kubonyeza mara moja.

Deni kwanza, au akiba kwanza

Hapa ndipo watu wanapobishana zaidi, na hesabu iko upande mmoja. Deni lenye riba ya asilimia 24 kwa mwaka, likiachwa bila kulipwa na riba ikilala juu ya riba, huwa maradufu kwa miaka 3 hivi. Akiba inayopata asilimia 6 huhitaji miaka 12 ili iwe maradufu. Kwa hiyo mwenye 100 akiiweka akiba huku ana deni la namna hiyo, anapata 6 mkono wa kulia na kutoa 24 mkono wa kushoto. Dawa ya deni ni kulipa, na kila 100 unayolipa leo ni faida ya hakika ya 24 ambayo hakuna akiba itakayokupa.

Lakini hesabu hiyo haimjui mtu aliyelipa deni kwa kila alichokuwa nacho, kisha mtoto akaugua wiki iliyofuata. Huyo hurudi kwa mkopeshaji yuleyule, pengine kwa masharti mabaya zaidi, na anachokipoteza ni zaidi ya fedha: anaanza kuamini kwamba kulipa hakuna faida. Nimewaona watu wa karibu nami wakifika hapo, na ni vigumu sana kuwainua.

Kwa hiyo mpangilio ninaoutetea ni huu. Kwanza lipa kima cha chini cha kila deni ili usitozwe faini. Kisha jenga akiba ndogo ya matumizi ya lazima ya mwezi mmoja. Ikishindikana mwezi, basi wiki mbili. Hapo geuka, elekeza nguvu zote kwenye deni. Deni likiisha, rudi kwenye akiba uifikishe miezi 3, na kama kipato chako ni cha kupanda na kushuka, 6.

Yapo madeni yasiyofuata mpangilio huo. Deni ambalo usipolilipa unapoteza nyumba au chombo cha kazi lipo mbele ya yote, riba iwe ndogo au kubwa. Deni la rafiki lisilo na riba linaweza kungoja kwa hesabu, ila umwambie mwenyewe lini utalipa na kiasi gani kwa mwezi, kwa sababu kimya chako kinamuumiza kuliko kuchelewa kwako. Mkopo wa riba ndogo wa muda mrefu hauna haja ya kukimbizwa, na mwingine hutoza ada ukilipwa mapema. Soma mkataba kwanza. Na ile mikopo ya siku 30 inayosema "asilimia 10 tu", izidishe kwa 12. Ukiirudia kila mwezi, unalipa 120 kwa mwaka kwa kila 100. Mikopo yote ipime kwa mwaka ndipo uilinganishe, maana ya muda mfupi huonekana midogo kwa sababu tu imepimwa kwa rula fupi.

Kuhusu akiba ya dharura, jambo moja dogo ambalo limenisaidia sana: iandike kwa miezi, usiiandike kwa fedha. Bei zikipanda kwa asilimia 8, ile 1,000 uliyoiweka Januari itanunua Desemba kile ambacho 926 ingenunua siku ulipoiweka. Ukiwa umeandika "1,000", utadhani umefika. Ukiwa umeandika "miezi mitatu ya matumizi", utalazimika kuhesabu upya, na utajua ukweli.

Ukiwa na madeni mawili: dogo kwanza, au lenye riba kubwa kwanza

Nilifanya hesabu hii kwa mkono, mwezi kwa mwezi, kwa sababu nilikuwa nimechoka kusikia pande zote mbili zikisema bila kuonyesha. Deni A ni 300 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwaka, kima cha chini cha malipo 20 kwa mwezi. Deni B ni 900 kwa asilimia 30, kima cha chini 30. Mdaiwa ana 120 za kulipa kila mwezi, hapunguzi wala haongezi.

| | Dogo kwanza (A) | Riba kubwa kwanza (B) |
|---|---|---|
| Deni la kwanza linaisha | mwezi wa 4 | mwezi wa 11 |
| Madeni yote yanaisha | mwezi wa 12 | mwezi wa 12 |
| Riba yote iliyolipwa | 184 | 152 |

Tazama mstari wa kati. Wote wawili wanamaliza ndani ya mwaka. Anayefuata riba anaokoa 32, fedha halali, karibu robo ya malipo ya mwezi mmoja. Anayeanza na dogo, mwezi wa 4 tayari ana deni moja tu na mtu mmoja tu wa kumkwepa njiani. Yule mwingine anasubiri hadi wa 11 ndipo afute jina la kwanza kwenye orodha.

David Gal na Blakeley McShane walichunguza watu waliokuwa wakisaidiwa kumaliza madeni yao, na mwaka 2012 wakaeleza kwamba kufunga akaunti moja baada ya nyingine kulikuwa dalili nzuri kwamba mtu atamaliza madeni yote, haidhuru akaunti zilizofungwa ziwe kubwa au ndogo. Hilo linanipa ujasiri wa kusema: kama umewahi kuanza kulipa madeni ukaacha njiani, anza na dogo, na ile 32 ihesabu kuwa bei ya kufika. Kama una nidhamu ambayo tayari imejaribiwa, fuata riba. Isipokuwa pengo la riba likiwa kubwa kupindukia, mfano ule mkopo wa siku 30 upande mmoja na mkopo wa asilimia 12 kwa mwaka upande mwingine. Hapo usiangalie ukubwa wa deni. Ua lile la siku 30 kwanza.

Lengo moja, au saba

Mshika mbili moja humponyoka, na mimi nilishika saba. Dilip Soman na Min Zhao walionyesha mwaka 2011 kwamba watu waliopewa lengo moja la akiba waliweka zaidi kuliko waliopewa malengo kadhaa. Maelezo yao yananiingia akilini: malengo yakiwa mengi, mtu hubaki anapima lipi lipewe nini, na kupima huko kunakaa mahali pa kutenda. Lengo likiwa moja, hakuna cha kupima. Unaweka.

Najua maisha hayana jambo moja. Lakini kuwa na mahitaji saba si sawa na kuwa na malengo saba ndani ya mwezi mmoja. Yapange foleni. Lililo mbele lipokee kila kitu mpaka litimie, kisha linalofuata lisogee. Kasoro ya foleni ni kwamba la mwisho linaweza kukaa muda mrefu bila kuguswa, na kama lina tarehe yake, mfano ada ya Septemba, haliwezi kungoja. Lenye tarehe liondoe kwenye foleni na ulipe fungu lake dogo la kila mwezi. Hayo mawili yanatosha: moja la foleni, moja la tarehe.

Kubana matumizi, au kuongeza kipato

Kubana kunaanza leo na kuna mwisho; huwezi kupunguza chini ya chakula na paa. Kuongeza kipato hakuna dari, ila kunachukua muda na mara nyingi kunadai mtaji au masomo kwanza. Kama ukiondoa mahitaji ya lazima hakibaki kitu, usijiwekee lengo la akiba mwaka huu. Nasema hivi kwa dhati. Lengo la akiba kwa mtu wa hali hiyo litamletea aibu tu, na aibu hailipi bili. Lengo lake liwe la upande wa mapato, na liwe tendo linaloonekana: kuomba kazi mpya mbili kila wiki, kupandisha bei ya huduma anayotoa, kudai malipo aliyocheleweshewa. Hili la mwisho watu hulisahau. Fedha uliyokwisha kuifanyia kazi ni rahisi kuipata kuliko ambayo bado hujaifanyia.

Kumwambia mtu lengo lako au kulificha? Mwambie mmoja, atakayekuuliza tarehe fulani. Usiwatangazie wote, hasa kama wapo watakaosikia "akiba" wakaelewa "ana fedha".

Mwaka mzima, au miezi mitatu mitatu

Januari 1 ina nguvu yake. Hengchen Dai, Katherine Milkman na Jason Riis walieleza mwaka 2014 jinsi watu wanavyoelekea kushika malengo yao mara tu baada ya tarehe zinazohisiwa kama mwanzo mpya, na mwaka mpya ni mmojawapo. Lakini katika utafiti huohuo mwanzo wa mwezi, mwanzo wa wiki na siku ya kuzaliwa vilionyesha jambo kama hilo. Kwa hiyo aliyekosa Januari hajakosa mwaka. Ana Februari 1, ana Jumatatu.

Lengo la mwaka mzima linafaa kwa jambo kubwa lenye hesabu isiyobadilika, kama kumaliza deni lenye ratiba. Kwa mengine napendelea miezi mitatu. Ni mirefu kiasi cha kuonekana tofauti, na mifupi kiasi kwamba ukikosea kipimo hujapoteza mwaka. Kwa mwenye kipato cha kubahatisha, miezi mitatu ina faida ya ziada: kila robo inapoisha anahesabu upya wastani wake, na ngazi zake za 5 na 15 zinasogea pamoja nao.

Siku ya kupitia, fanya ulinganisho mmoja tu: ulichopanga na ulichoweka. Ukiwa umeweka nusu, lengo la robo ijayo liwe nusu hiyo na kidogo juu yake. Usirudi kwenye kiasi cha mwanzo na kuongezea deni la robo iliyopita. Hilo ni kurudi kwenye ule mzigo wa 200 niliousema mwanzoni. Na kama umepitiliza, usiharakishe kupandisha. Acha robo nyingine ithibitishe kwamba haikuwa msimu tu.

Daftari langu la mwaka huu lina mstari mmoja kwenye ukurasa wa kwanza: "Malipo yakiingia, 15 au 5, kabla ya kujibu ujumbe." Chini yake kuna tarehe nne: Aprili 1, Julai 1, Oktoba 1 na Januari 1. Mbele ya kila moja nimeacha nafasi ya namba mbili.